Kwa Nini Simu ya Jirani Hupitia Mbali?

Leo stori ni ya njia. Si ile barabara ya Kisumu kwenda Kakamega inayopita katikati ya Khayega. Ni njia ambayo sauti yako hupita ukipiga simu. Wengi wetu hatujawahi kuifikiria, kwa sababu unabonyeza jina, mtu anajibu, basi. Lakini kuna mahali ambapo huamuliwa simu yako ielekezwe wapi, na ukiichungulia vizuri historia ya simu hapa Kenya, sehemu kubwa yake ni ugomvi kuhusu nani anashika hayo maamuzi.

Tuanze na kitu tunachokijua. Ukishuka stage ya Khayega ukitafuta boma la mtu, huendi kuuliza serikali. Unauliza mama mboga. Kama hajui, anamwita mtu wa boda. Wa boda naye hajui, lakini anajua nani anajua, na dakika kumi baadaye umefika. Hakuna hata mmoja wao aliye na orodha ya watu wote wa Shinyalu. Kila mmoja anajua majirani zake, na anajua wa kuuliza akikwama.

Sasa linganisha na posta. Barua ya Khayega inaandikwa 50104, ya Kakamega mjini 50100, ya Mumias 50102. Hizo namba hazikutoka kijijini, zilipangwa juu zikaletwa chini. Barua inapanda hadi kituo kikubwa, inachambuliwa, halafu inashuka.

Mifumo ya simu nayo iko hivyo. Ama unauliza jirani, ama unapanda kwa mkubwa. Maoni yangu ni kwamba tumezoeshwa kupanda kwa mkubwa hata pale jirani yuko hapo tu, na mazoea hayo yana bei.

Waya ulikuja kwa ajili ya nani?

Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilitandaza waya wa telegrafu chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar. Kutoka Aden ujumbe uliendelea mpaka London. Huku bara waya ulikuja na reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na Desemba 1901 reli ikafika ziwani, pale Port Florence, ambayo leo ni Kisumu. Kando ya reli zilisimama nguzo za telegrafu.

Ka ulisoma historia shuleni unakumbuka Wanandi na zile nyaya. Walizikata wakatengeneza mapambo, na vyuma vya reli wakatengeneza silaha. Waingereza waliita wizi, wakaleta jeshi mara kadhaa, na mwaka 1905 Koitalel arap Samoei akauawa. Vitabu vingi hukomea hapo. Mimi naona swali lingine. Ule waya ulipita kwao ukiwapelekea ujumbe gani? Haukuwa na wao hata kidogo. Afisa aliyekaa Kisumu angeweza kutuma neno mpaka London, lakini Mwisukha hakuwa na waya wa kumfikia Mwidakho ambaye ni jirani yake kabisa. Ule mtandao ulichorwa kutoka ziwani kwenda pwani, na kutoka pwani kwenda ng'ambo. Majirani hawakuwa kwa hiyo ramani.

Simu ya sauti kwa umma ilianza mwaka 1908, Nairobi na Mombasa. Ramani ikabaki ileile, miji mikubwa kwanza, na sisi wengine baadaye kama kutakuwa na baadaye.

Opereta na mzishi wa Kansas City

Simu za zamani hazikuwa na akili. Unazungusha mkono wa simu, kengele inalia kwenye swichibodi, opereta anauliza unamtaka nani. Anachomeka waya kwenye tundu la laini ya huyo mtu, mnaongea. Ukitaka mtu wa mbali, opereta wako anaita opereta wa mji mkubwa, naye anamwita mwingine, mpaka mnyororo ufike. Yaani njia yote ilikuwa kichwani na mikononi mwa watu. Opereta alijua nani anampigia nani, na akitaka, aliweza kusikiliza.

Marekani kulikuwa na jamaa anaitwa Almon Strowger, kazi yake kuzika watu, huko Kansas City. Inasemekana aliamini kwamba kwenye swichibodi wateja wake walikuwa wanaelekezwa kwa mzishi mwingine. Mtu amefiwa, anaomba Strowger, anaunganishwa na mshindani. Kama ilikuwa kweli ama hasira tu, matokeo yake ni haya: mwaka 1891 alipata hataza ya mtambo unaounganisha simu wenyewe, bila opereta. Ile simu ya kuzungusha namba kwa kidole imetoka kwa ukoo huo.

Strowger alikuwa ameshtuka jambo ambalo bado ni kweli leo. Anayekaa katikati ya simu mbili si mbebaji tu. Anaweza kuamua biashara yako iende wapi.

Swichibodi ya ofisi

Sasa tuje kwa ofisi, kwa sababu hapo ndipo mambo yanakuwa moto.

Tuseme una shule ama hospitali yenye vyumba thelathini. Huwezi kununua laini thelathini. Ulikuwa unanunua laini tatu ama nne, unaweka swichibodi yako ndogo ndani, na kila chumba kinapata ekstensheni. Bwana mkubwa yuko 201, duka la dawa 214, mlinzi 230. Wakipigiana ndani kwa ndani hawalipi kitu, kwa sababu simu haitoki nje ya ua.

Shida inaanza ukiwa na ofisi mbili. Moja iko Kakamega, nyingine Kisumu, na unataka 201 ya huku iongee na 305 ya kule kama vile wako jengo moja. Zamani ulikodisha waya wa kudumu kutoka kwa shirika la simu. Tangu mwaka 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, shirika lenyewe lilikuwa moja tu, KPTC, lililoshika posta na simu pamoja. Ukishakodi ule waya unaiambia swichibodi yako: namba ikianza na 3, ipeleke Kisumu.

Kwa ofisi mbili, waya ni mmoja. Ofisi tano zikitaka kila moja iunganishwe moja kwa moja na zote, unahitaji nyaya 10. Ofisi ishirini, nyaya 190. Hakuna kampuni ingelipia hizo. Kwa hivyo kila mtu alifanya kitu kilekile: unaweka swichibodi kubwa makao makuu, kawaida Nairobi, na matawi yote yanaunganishwa hapo. Tawi la Kakamega likitaka tawi la Kisumu, umbali wa kama saa moja hivi kwa matatu, simu inakwea mpaka Nairobi halafu inarudi.

Na kuna kazi nyingine isiyoonekana, ile orodha. Ukiongeza ekstensheni mpya Kisumu, lazima mtu aingie kwenye swichibodi za kwingine kote aandike kwamba hiyo namba ipo na iko njia gani. Akisahau moja, watu wa huko wanapiga simu hewani. Hivyo orodha nayo ikahamia makao makuu, kwa fundi mmoja. Fundi akienda likizo, nanyi mko likizo.

Sisemi watu wa zamani walikuwa wajinga. Kwa bei ya waya ya wakati huo, kupitia katikati kulikuwa na maana. Shida ni pale bei ya waya inaposhuka lakini mazoea ya kupitia katikati yanabaki.

Nairobi kwenda Nairobi, kupitia angani

Mwaka 1999 KPTC ilivunjwa. Posta ikaenda njia yake, simu ikawa Telkom Kenya, na msimamizi akawa CCK. Telkom ilipewa haki ya peke yake kwa miaka mitano kwenye baadhi ya huduma, na moja ilikuwa kubeba mawasiliano ya kimataifa.

Enzi hizo, kampuni mbili za intaneti zikiwa jirani Nairobi, mteja wa hii akimtumia mteja wa ile barua pepe, ujumbe ulipanda satelaiti, ukaenda Marekani ama Ulaya, ukageuka, ukarudi Nairobi. Manze, ni kama kutoka Khayega kwenda Mukumu kwa mguu ukalazimishwa kupitia Mombasa. Na kila kampuni ililipia hiyo safari kwa dola, kwenda na kurudi.

Kampuni za intaneti, kupitia chama chao TESPOK, zikafikiria kitu rahisi sana. Kila kampuni ilete waya wake chumba kimoja, tuunganishe hapo, trafiki ya Kenya ibaki Kenya. Wakakiita KIXP. Kilifunguliwa mwishoni mwa Novemba 2000.

Kilidumu kama wiki mbili. Telkom ililalamika kwamba kinaingilia haki yake ya mawasiliano ya kimataifa, na CCK ikakifunga. Soma tena hapo polepole. Kampuni mbili za Nairobi kubadilishana ujumbe ndani ya Nairobi kuliitwa kuvunja haki ya kimataifa. Wenyewe walijitetea kwamba hii ni trafiki ya nyumbani. Ilichukua karibu mwaka mzima wa mabishano na karatasi kabla ya leseni kupatikana, na Februari 2002 KIXP ikafunguliwa tena.

Matokeo? Safari ya ujumbe iliyokuwa ikichukua zaidi ya sekunde nzima ilishuka chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Watu walikuwa walewale na mji uleule, kilichobadilika ni njia. Baadaye Telkom yenyewe ikaja kuunganishwa pale.

Hii stori naipenda kwa sababu haina teknolojia ya ajabu. Ni majirani waliokubaliana kufunguliana mlango, na mkubwa aliyekuwa anauza ile njia ndefu akakataa.

Swichibodi inayouliza jirani

Mwaka uleule wa 1999, Marekani, kulikuwa na mwanafunzi wa chuo anaitwa Mark Spencer. Alikuwa na kakampuni kadogo ka kusaidia watu na Linux. Alihitaji swichibodi ya ofisi, akaangalia bei, ikamshinda. Akaandika programu inayogeuza kompyuta ya kawaida kuwa swichibodi, akaiita Asterisk, akaitoa bure. Hebu fikiria, kile kitu kilichokuwa kinauzwa kama gari sasa unakipakua. Leo kinaweza hata kuendeshwa kwa kompyuta ya Raspberry Pi inayoenea kiganjani.

Miaka michache baadaye watu wa Asterisk walitoa kitu kinaitwa DUNDi, na hapa ndipo nilipokumbuka stage ya Khayega. DUNDi ni njia ya swichibodi kuulizana. Yako ikipata namba isiyoijua, inauliza swichibodi jirani mlizoelewana: nani ana hii namba? Zisipojua, nazo zinauliza majirani zao. Anayejua anajibu, jibu linarudi na anwani ya mlango wa kugonga, halafu simu inaenda moja kwa moja kwa mwenyewe. Wale waliosaidia kuuliza hawabebi sauti. Ni kama mtu wa boda aliyekuonyesha boma, haingii na wewe mpaka sebuleni.

Swali lina kikomo cha hatua, lisizunguke milele. Jibu linawekwa kwa muda, usiulize kitu kimoja kila dakika. Na kila swichibodi inajitambulisha kwa funguo za siri, ili asitokee mtu aseme "hiyo namba ni yangu" akavuna simu za wengine. Kumbuka yule mzishi wa Kansas City. Kwa wanaotaka kuunganisha namba za umma kuna hata mkataba ulioandikwa, na kiini chake ni kwamba usitangaze namba ambayo si yako.

Hakuna makao makuu, na hakuna fundi mmoja mwenye orodha yote. Kisumu wakiongeza ekstensheni, wanaiandika kwao tu. Mtu wa Kakamega akiitafuta, ataipata kwa kuuliza.

DUNDi haikuiteka dunia, tuseme ukweli. Kuulizana kunafaa kundi linaloaminiana, si watu bilioni, na kampuni kubwa za simu hazikuacha orodha zao. Lakini ilionyesha kwamba katikati si lazima. Mtu akikuambia lazima, muulize analipwa na nani.

Sisi na laini zetu mbili

Utasema hizo ni stori za wazee, sisi tuna simu za mkononi. Sawa, lakini kwa nini wazazi wetu walibeba laini mbili? Kwa sababu kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali. Kila simu ikivuka, kampuni inayopokea ilidai ada ya kufungua mlango. Mpaka mwaka 2010 ada hiyo ilikuwa shilingi 4.42 kwa dakika, CCK ikaishusha hadi 2.21, na vita vya bei vikaanza palepale. Minara haikuhama. Ilipunguzwa tu bei ya mlango kati ya majirani wawili.

Na sasa tuna WhatsApp. Bure, rahisi, kila kundi la kijiji liko hapo. Mimi pia naitumia kila siku. Lakini orodha ya nani yuko wapi iko kwa kampuni moja ng'ambo. Tarehe 4 Oktoba 2021 hiyo kampuni ilikosea mabadiliko ya njia za mtandao wake yenyewe, na kwa takriban masaa sita dunia nzima haikuwa na WhatsApp. Watu wawili kwenye plot moja Khayega hawakuweza kutumiana ujumbe pale kwa sababu ya kosa lililofanyika bara lingine. Halafu Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kuchechemea. Siku kama hiyo, kitu kinachopita KIXP hakihitaji bahari.

Kinachotuumiza hapa kwetu

Tuache bahari, tuangalie ofisi za mtaani. Shule, zahanati, sacco, ofisi ya chifu. Ukitaka kuzipigia, unapewa namba gani? Mara nyingi ni ya mtu. Namba ya sista fulani, ya karani fulani. Akihamishwa, anaenda nayo. Akiwa kwa matanga, zahanati nayo iko matangani. Mama ana mtoto mwenye homa saa nane usiku, anapiga namba aliyopewa mwaka jana, na mwenye hiyo namba siku hizi anafanya kazi Turkana.

Swichibodi ya ofisi ilikuwa na ubaya wake, lakini ilikuwa na wema mmoja tuliouacha: namba ilikuwa ya chumba, si ya mtu. Ukipiga 214, unapata duka la dawa, yeyote aliye zamu. Tulipokimbilia simu za mfukoni tuliacha hilo, na sijasikia mtu akililia.

Kuna watatu hapa kwetu watapinga. Wa kwanza atasema stima inapotea. Kweli, lakini kakompyuta kadogo na simu chache vinahitaji betri na sola ya kawaida, si jenereta. Wa pili atasema hakuna mafundi. Mafundi wamo, wanarekebisha simu zenu stage na wengine wametoka chuo na wako nyumbani wakingoja kazi. Wa tatu atasema sheria. Huyo ana hoja. Kuunganisha swichibodi zako na namba za umma kunataka kampuni yenye leseni, na hiyo ni sawa. KIXP nayo ilibidi ipate leseni. Lakini haikungoja mkubwa aibuni kwanza.

Ninachosema ni kidogo tu. Taasisi nne ama tano zilizo karibu, zinazoaminiana tayari, kila moja na swichibodi yake ndogo na ekstensheni zake, zikiulizana zenyewe. Shule ikitaka zahanati, iulize jirani. Ikiwa nyaya za nje zimekatika, ya ndani iendelee. Mtu akihamishwa, namba ibaki mezani.

Kama uko Khayega, Shinyalu, Malinya ama popote, fanya hivi wiki hii: tafuta namba ya zahanati iliyo karibu na kwenu uipigie mchana. Halafu niambie hapa chini, uliyempata alikuwa kazini, ama alikuwa mtu tu?